Krenki ya Lori la Zamani: Ichongwe, Ijazwe au Iachwe?

Ukishuka pantoni pale Magogoni ukakatiza jiji kuelekea Kariakoo, hata jasho halijakutoka vizuri unajikuta Gerezani, kwenye mitaa ya spea na karakana. Mwenye lori la zamani aliyefungua injini akakuta krenki imeliwa huja na swali moja: itachongeka? Jibu la haraka ni ndiyo, karibu kila mara. Mashine ikiwepo na jiwe likiwa zima, chuma huchongeka. Swali lenye uzito ni lile ambalo wengi huliuliza kazi ikiwa imeshafanyika: ikishachongwa, itavalishwa nini?

Krenki, au krenkishafti kwa jina lake kamili, inaweza kurekebishwa kwa njia kadhaa injini inaposukwa upya. Yaweza kusagwa shingo zake na kuvalishwa metali nene zaidi. Yaweza kujazwa chuma kisha ikasagwa kurudi kwenye kipimo cha kiwandani. Shingo za konrodi zaweza kuhamishwa kidogo ili pistoni itembee zaidi. Krenki ya injini nyingine yaweza kuchukuliwa na kulazimishwa kukaa. Mkia wake waweza kutobolewa ili ikubali giaboksi ngeni. Msimamo wangu ni kwamba kwa lori la kazi, la kubeba maji au mchanga, krenki iguswe kwa uchache iwezekanavyo, na duka la spea litembelewe kabla ya mashine. Sababu zenyewe ziko ndani ya chuma na ndani ya historia ya soko letu.

Tuanze na historia, maana ndiyo iliyotufundisha tabia tulizo nazo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba. Njia hiyo ilikuwa barabara ya kuja Dar es Salaam, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na matope. Malori ya Fiat yaliyopita humo kwa mamia yaliijaza nchi injini kubwa za dizeli na yakazalisha kizazi kizima cha mafundi waliozijua. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilipokamilika miaka ya katikati ya 1970, mzigo ulipungua lakini magari yalibaki. Kulikuwa pia na Bedford, Leyland, Isuzu za pua ndefu na, baadaye, Scania zilizounganishwa na TAMCO kule Kibaha.

Kisha fedha za kigeni zikakauka. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikapita katikati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupata metali za saizi unayoitaka ilikuwa bahati. Mabasi ya UDA na KAMATA yalilala kwa kukosa spea. Njia panda ya Kamata karibu na Gerezani bado inabeba jina la kampuni hiyo ya mabasi ya taifa. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuagiza bidhaa, na spea zikaanza kurudi madukani. Lakini kwa miaka hiyo ya ukame fundi alijifunza kwamba krenki haitupwi. Hujazwa, husagwa, hurudi barabarani. Ulikuwa ustadi wa kweli, na hakuna haja ya kuudharau. Tatizo ni kwamba kilichokuwa suluhisho la dhiki kimegeuka kuwa desturi hata pale ambapo dhiki haipo.

Nchi ilijaribu kujitegemea upande huo. Kiwanda cha Mang'ula kule Kilombero kilirithi karakana za Wachina waliojenga TAZARA. Moshi kukajengwa Kilimanjaro Machine Tools kwa msaada wa Bulgaria. Kibaha kukawa na Nyumbu, mradi wa jeshi uliothubutu kubuni lori lake wenyewe. Hata hivyo kuchonga chuma ni kazi moja, na kufua krenki nzima ya lori ni kazi nyingine: yataka mashinikizo makubwa, chuma cha aina maalumu, na soko la maelfu ya injini zinazofanana. Ndiyo maana krenki ya Bedford au ya Isuzu ya mwaka 1970 ikivunjika leo, mbadala wake hautoki kiwandani. Hutoka kwenye injini nyingine iliyokufa.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe.

Krenki haigusi metali injini ikiwa inazunguka vizuri. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na pampu ya oili kazi yake ni kuhakikisha utando huo haukatiki. Kanuni ya zamani ya mafundi wa mashine ni kwamba nafasi kati ya shingo na metali iwe karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo: shingo ya milimita 63 ipate nafasi ya milimita 0.06 hivi, au pungufu kidogo. Nafasi ikizidi, oili humwagika pembeni na presha hushuka, na shingo zilizo mbali na pampu ndizo huanza kugonga. Ikipungua, joto hupanda na metali huyeyuka, ikashika shingo na kuzunguka nayo.

Shingo iliyochakaa haichakai sawasawa. Huwa yai, kwa sababu mlipuko huisukuma upande mmoja kila mara, na huwa pana upande huu na nyembamba ule ikiwa konrodi imepinda. Kwa hiyo maikromita ipite sehemu mbili za urefu wa shingo na pande mbili zinazokatana, na shingo zote zipimwe, kuu na za konrodi. Fundi anayepitisha ukucha juu ya shingo na kutangaza kuwa inafaa amepima mikwaruzo tu. Uyai wa milimita 0.05 ukucha hauujui, ilhali umeshakula karibu nafasi yote ya oili.

Krenki ikisagwa, metali za kuivalisha huja kwa hatua: milimita 0.25, 0.50, 0.75, na kwa injini nyingi za zamani 1.00. Kwa inchi ni 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040. Hapo ndipo duka linapoitawala mashine. Kitabu cha injini kinaweza kusema saizi nne zipo; rafu ya Kariakoo inaweza kuwa na standadi na 0.75 pekee, kwa sababu za katikati ziliisha na hakuna aliyeagiza. Mwenye lori aliyesaga 0.50 kwa kuwa ndiyo iliyotosha kuondoa mikwaruzo hubaki na krenki safi isiyo na nguo. Atarudi kwenye jiwe kuipeleka 0.75, na ameshatupa hatua nzima ya uhai wake. Utaratibu sahihi wa Dar es Salaam ni huu: pima, tafuta metali zilizopo, zinunue na uzishike mkononi, kisha usage kufuata zilizonunuliwa. Mchongaji makini atataka azione hizo metali kabla ya kuwasha mashine, na akizidai msimwone msumbufu.

Wengi huogopa kwamba krenki iliyosagwa ni dhaifu kwa kuwa imekonda. Hofu hiyo ina ukweli mdogo kuliko inavyodhaniwa, na hesabu yake ni rahisi. Mkazo wa kupinda na kusokota kwenye mhimili hukua kadiri kipenyo kinavyopungua, kwa nguvu ya tatu. Chukua shingo ya milimita 63.5. Ukiondoa 0.25, mkazo huongezeka kwa asilimia 1.2. Ukiondoa 1.00 nzima, huongezeka kwa karibu asilimia 5. Watengenezaji wa injini za malori waliacha akiba kubwa kuliko hiyo. Krenki haikatiki kwa sababu ya unene uliopotea.

Hukatika kwenye kona. Pale shingo inapokutana na ukuta wake, kiwanda huacha kona ya mviringo, si pembe kali, na mviringo huo ndio unaosambaza mkazo. Jiwe la kusagia lililochakaa pembeni, au ambalo halikuchongwa kufuata mviringo wa injini husika, huacha pembe kali mahali pale. Macho hayaioni kwa urahisi na maikromita haiigusi. Injini itawaka, presha ya oili itakuwa nzuri, mwenye lori atalipa kwa furaha, na ufa utaanza kujitafuna polepole kila mlipuko hadi krenki ikatike vipande viwili mahali kama mlima Kitonga, lori likiwa na mzigo wake wote. Kisha lawama huenda kwa chuma, au kwa dereva. Ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza mchongaji, ningemuuliza kuhusu kona, na namna anavyojibu ingetosha kuniambia kama nimwachie kazi.

Jambo la pili ni ugumu wa ngozi. Krenki nyingi za dizeli zimekaushwa juu ili zisiliwe haraka. Zile zilizokaushwa kwa umeme na maji zina tabaka gumu la milimita kadhaa, na kusaga 0.50 hakufikii mwisho wake. Zile zilizopikwa kwenye gesi ya naitrojeni zina ngozi ngumu nyembamba mno, pengine chini ya nusu milimita, na hatua ya kwanza au ya pili ya kusaga yaweza kuimaliza. Chini yake kuna chuma laini ambacho metali ngumu za kisasa zitakila kwa muda mfupi. Krenki ya aina hiyo ikishasagwa irudishwe kupikwa. Kama huduma hiyo haipatikani, itafutwe nyingine. Kitabu cha injini husema ni ya aina gani, na ndiyo moja ya sababu kitabu hicho kina thamani kuliko fundi anavyopenda kukiri.

La tatu ni uchafu, na hili linaua injini nyingi kimyakimya. Ndani ya krenki mna njia za oili zinazotoka shingo kuu kwenda shingo za konrodi, na mara nyingi zimezibwa kwa plagi. Vumbi la jiwe huingia humo. Krenki ikioshwa nje tu kwa petroli na kupulizwa upepo, vumbi hubaki nyuma ya plagi, na siku ya kwanza injini inapowaka oili hulibeba moja kwa moja hadi kwenye metali mpya. Plagi lazima zitolewe, njia zipitishwe brashi, kisha plagi mpya zipigwe. Midomo ya matundu ya oili nayo ilainishwe isiwe na ncha. Ni kazi ya saa moja hivi, na ndiyo ya kwanza kurukwa pale mteja anapobembeleza bei.

Na kwa kuwa tuko jiji la pwani, krenki iliyotoka kusagwa isiachwe wazi. Hewa ya bahari huanza kuila usiku uleule. Ipakwe oili nzito, ifungwe, na isimamishwe wima au ining'inizwe. Ikilazwa sakafuni kwa wiki, krenki ndefu ya silinda sita yaweza kupinda kidogo kwa uzito wake.

Kujaza ni habari tofauti. Njia nzuri ipo: krenki hupashwa moto taratibu, huzungushwa kwenye mashine huku welding inayofunikwa na unga ikipanga chuma duara kwa duara, kisha hupozwa polepole, hunyooshwa, hupimwa nyufa, na ndipo husagwa. Meli na mitambo mikubwa imeponywa hivyo duniani kote. Njia mbaya nayo ipo: fimbo ya welding ya kawaida, shingo moja iliyoungua, na haraka. Joto la ghafla huacha chuma kimevutana ndani kwa ndani, na mahali dhaifu huwa palepale kwenye kona. Kwa maoni yangu kujaza kuna haki ya kuwepo pale tu ambapo shingo imepita saizi ya mwisho, hakuna krenki nyingine ya injini hiyo mjini, na karakana ina kifaa cha kupima nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Bila kipimo hicho hujui unachokirudisha ndani ya bloki. Ile mbinu ya zamani ya kuining'iniza krenki na kuigonga kwa nyundo ndogo usikilize kama inalia kama kengele hukamata ufa mkubwa. Ufa mchanga haukamati.

Nije kwenye lile ambalo vijana wa magari hulipenda: kuongeza ukubwa wa injini kupitia krenki. Ukisaga shingo ya konrodi huku umehamisha kitovu chake kwa nje, pistoni hutembea zaidi. Kila milimita unayoipunguza kwenye kipenyo cha shingo inaweza kukupa, kwa upeo, milimita moja ya mwendo. Chukua Isuzu DA120, injini iliyobeba malori mengi ya pua ndefu: silinda sita, kipenyo milimita 100, mwendo 130, jumla sentimita za ujazo 6,126. Ukiweza kuiba milimita 1.5 nzima, umepata sentimita za ujazo 71 tu, asilimia 1.2 hivi. Dereva hatazihisi. Wakati huohuo kila pistoni inapanda juu zaidi kwa milimita 0.75, na kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na silinda hedi huwa karibu milimita moja. Sasa itabidi ukate vichwa vya pistoni au uongeze unene wa gasketi, uvuruge mgandamizo, na uhangaike na kuwasha asubuhi. Hiyo ni gharama ya ovahoo mbili kwa faida isiyotosha hata kupanda tuta.

Watengenezaji wenyewe walituonyesha njia. Isuzu walipotaka zaidi kutoka kwa DA120 walitoa DA640: mwendo uleule wa 130, kipenyo kikapanda hadi 102. Mitsubishi walifanya vivyo hivyo kwenye injini za Fuso ambazo barabara zetu zinazijua sana. 6D14 ina kipenyo cha 110 na 6D16 ina 118, na mwendo wa pistoni kwa zote mbili ni 115. Waliongeza karibu lita nzima bila kurefusha mwendo.

Mifano ya kinyume ipo, na inafundisha zaidi. Vijana wa Marekani wa miaka ya 1940 na 1950 waliokuwa wakichokonoa Ford V8 ya vali za pembeni walitumia krenki ya Mercury ya 1949, yenye mwendo wa inchi 4 badala ya 3.75. Ilikubali kwa sababu kampuni ileile iliifua kwa ajili ya bloki ya ukoo uleule. Land Rover walipotoka lita 2.25 kwenda 2.5 walirefusha mwendo kutoka milimita 88.9 hadi 97, lakini walikuwa wameshabadilisha bloki tangu 1980 kutoka vitanda vitatu vya krenki hadi vitano. Anayeshika krenki ya 2.5 na bloki ya miaka ya 1960 ana vyuma viwili vyenye asili moja visivyoweza kuoana hata kwa mashine bora, kwani bloki haina mahali pa kubeba shingo mbili zilizoongezeka. Kwa hiyo krenki ya injini nyingine haikubaliwi kwa kufanana sura. Hesabu vitanda, pima vipenyo, pima upana wa shingo, angalia sili ya nyuma ni ya kamba au ya mpira, angalia matundu ya boliti za flaiwili, na mwisho uangalie mahali metali za kuzuia krenki isisogee mbele na nyuma zinapokaa. Kimoja kisipolingana, ujue unaanza kutengeneza injini mpya.

Marekebisho ya mkia ndiyo yenye maana zaidi kwa malori ya hapa, na ndiyo yanayozungumzwa kidogo. Giaboksi ya asili ikifa na spea zake zikakosekana, watu huweka ya Fuso au Isuzu ya baadaye. Ncha ya shafti yake huhitaji kupumzika kwenye beringi ndogo katikati ya mkia wa krenki. Tundu likiwa dogo hupanuliwa, likiwa kubwa huwekwa bushi. Kazi hii haigusi shingo wala kona, na lathe ya kawaida huifanya mradi tundu liwe katikati kabisa. Likikosea, klachi itakula beringi moja baada ya nyingine na fundi atalaumu beringi za mtumba.

Kabla ya kufunga, tazama dampa ya mbele. Kwenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari, krenki ni ndefu na hujisokota na kujisokotoa kwa kila mlipuko. Ile puli nzito yenye mpira katikati ndiyo inayopooza mtetemo huo. Mpira wa miaka arobaini umekuwa mgumu kama jiwe, au pete ya nje imeanza kuteleza. Nimeona mara nyingi krenki ikisagwa kwa uangalifu wote kisha dampa iliyokufa ikarudishwa palepale kwa sababu bado inazungusha feni. Kazi yote iliyofanyika kwenye kona inaweza kupotea kwa kosa hilo.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitupe injini nzima na kuweka ya mtumba. Mara nyingi wana haki, hasa kama bloki nayo ina nyufa au silinda zimemaliza saizi. Lakini namba ya injini iko kwenye bloki na imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilika, kadi nayo ni lazima ibadilike TRA. Krenki haina habari na kadi. Kwa lori ambalo karatasi zake zimepita mikono ya warithi na madalali, hilo pekee huamua mambo.

Ukiamua kusaga, mwambie mchongaji apige muhuri wa saizi kwenye ukuta wa krenki, mbali na kona: shingo kuu ngapi, za konrodi ngapi, maana si lazima zilingane. Andika pia kwenye daftari la gari jina la duka lililokuuzia metali. Ovahoo ijayo huenda ikafanywa na fundi mwingine, na hatua iliyobaki ikawa moja. Akiona 0.75 imepigwa pale, atajua kwamba kabla ya kuigusa krenki anatakiwa kwanza kupiga simu Gerezani kuuliza kama 1.00 ipo.